Jinsi Rabia Alivyoacha Fimbo

Watu wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, waliosoma shule ya msingi miaka ile wanamkumbuka Madame Rabia kwa vitu viwili: sauti yake na fimbo yake. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusemesha watoto sitini tangu asubuhi bila kupumzika. Fimbo ilikuwa nyembamba, ya mti mbichi. Aliiweka juu ya meza karibu na chaki, na hakuona haya nayo. Walimu wote walikuwa na fimbo. Yeye mwenyewe alichapwa alipokuwa mtoto, akajua kusoma, na aliamini kwamba alijua kusoma kwa sababu alichapwa.

Babu zake walitoka Kasongo, kule Maniema, wakaja Lubumbashi na cherehani zao wakati mji bado mdogo. Baba yake naye alikuwa fundi wa nguo. Jirani zake Waislamu walinung'unika alipompeleka binti yake shule ya masista, lakini yeye aliendelea kukata vitambaa na hakuwajibu. Rabia akapata cheti cha ualimu. Mwaka 1963 alipewa darasa la tatu, na hapo akabaki.

Darasa la tatu lilikuwa mahali pagumu. Miaka miwili ya kwanza mtoto alifundishwa kwa Kiswahili. Alipofika la tatu, Kifaransa kiliingia kwa nguvu, na wengi walianguka. Aliyeanguka alirudia. Aliyeanguka mara ya pili alitolewa shuleni. Warudiaji walikaa nyuma kabisa, chini ya dirisha lisilo na kioo, na Rabia aliwaita benchi ya bavivu. Watoto wengine walicheka, na warudiaji nao walizoea kucheka pamoja nao.

Mume wake aliitwa Djuma. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha kreni kubwa katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, ile inayobeba ndoo za moto juu ya vichwa vya wafanyakazi. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Jioni alimsimulia Rabia na binti yao Habiba habari za kiwandani, akiigiza sauti ya kila mtu, mpaka Habiba akashika mbavu kwa kucheka.

Siku ya Ijumaa moja, Novemba 1976, Djuma alikuwa uani akitia udhu kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Habiba alisikia bakuli la maji likianguka. Alipotoka alimkuta baba yake amelala ubavu, jicho moja wazi, mdomo umepinda.

Alikaa hospitalini siku tatu bila kufahamu kitu. Siku ya nne alifungua macho. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa kama vya mtu mwingine. Alimtazama Rabia, akamtambua, akataka kusema. Likatoka neno moja.

"Tena."

"Tena nini, Baba Habiba?"

"Tena. Tena, tena."

Akitaka maji, tena. Akiumwa, tena. Akimwita Habiba, tena. Alilisema kwa hasira, kwa kubembeleza, kwa machozi, na kila mara lilikuwa ni lile lile. Ilionekana wazi kwamba ndani yake alikuwa na sentensi nzima, kisha inafika mdomoni na kugeuka kuwa hilo neno moja.

Wiki ya pili kaka yake mkubwa, Amadi, mfanyabiashara wa vitambaa, alikuja kumwombea. Alikaa kando ya kitanda, akaanza kusoma Alhamdu. Sauti ya pili ikamfuata. Djuma, macho yamefumbwa, alisoma sura yote tangu mwanzo hadi mwisho, herufi kwa herufi, bila kukosea.

Amadi alisimama. "Kumbe anajua kusema!"

Rabia aliweka chini kikombe cha maji alichokuwa ameshika. "Baba Habiba, omba mayi. Sema mayi."

"Tena," alisema Djuma, na machozi yakamtoka.

Amadi alimvuta shemeji yake hadi kwenye baraza. "Hii haiko bugonjwa," alisema. "Mutu mwenye anaweza kusoma Kurani, anaweza kuomba mayi. Ao anatukatalia, ao kuna mutu alimufunga ulimi. Iko muzee moja ku Lukafu anafungulaka bantu ba hivi. Tumupeleke."

Rabia aliona aibu juu ya kile kilichokuwa moyoni mwake. Naye alikuwa amefikiri hivyo hivyo. Alikuwa amefikiri kwamba Djuma anakataa tu.

Daktari wa wodi ile aliitwa Mukuka. Alikuwa kijana bado, amerudi kutoka masomoni Ubelgiji, mtu wa shingo ndefu na maneno machache. Rabia alimfuata kwenye kibaraza cha hospitali akamweleza habari ya sala. Hakushangaa.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Niko mwalimu."

"Basi utanielewa mbio." Alichukua karatasi ya dawa, akaigeuza, akachora kichwa cha mtu kwa upande, akatia alama upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio. "Ubongo haiko kama mufuko ya bunga, penye unaingiza mukono unapata bunga tu. Iko kama muji. Kila kartie, kila mutaa, iko na kazi yake. Hapa njo kunatokaka maneno yenye mutu anatafuta yeye mwenyewe: niko na njala, fungula mulango. Kwa bwana yako, damu ilikosa kufika hapa, pakaumia."

"Na sala?"

"Sala alijifunza angali mutoto. Alishaisema mara elfu na elfu, na iko na sauti yake ya kupanda na kushuka. Tunazania inapita barabara ingine. Ninasema tunazania, juu hata siye badokta tunajua kidogo."

"Kwa hiyo haiko bukaidi."

"Haiko bukaidi, na haiko bulozi. Anakusikia. Anajua kitu anataka kusema. Neno njo inakosa njia."

Kisha akamwonyesha la kufanya. Alikaa mbele ya Djuma, akashika mkono wake wa kushoto, ule mzima, akawa anaugongesha polepole juu ya godoro huku akivuta neno kama mtu anayeita kwa mbali: ma-yi. Ma-yi. Djuma alimtazama kama anayetazama mtu asiye na adabu. Daktari akaendelea.

"Dakika kumi," alimwambia Rabia. "Halafu apumzike. Kesho usimwambie neno. Umuulize kwanza, na ungoje, hata akichelewa. Ile kutafuta njo inatengeneza njia. Ukimupatia jibu kila mara, hatafute. Na usimukaripie. Mutu akiogopa, hata kile kidogo anajua kinamukimbia."

Rabia alimshukuru. Amadi, alipoelezwa, hakuzungumza tena habari za Lukafu, lakini alikaa muda mrefu bila kuja.

Nyumbani walianza. Asubuhi kabla ya shule dakika kumi, alasiri dakika kumi, na Habiba katikati. Mwezi ulipita. Siku moja Habiba alimshika baba yake mkono, hakusema kitu, akaonyesha kikombe na kungoja. Djuma alifumba macho. Mkono wake wa kushoto uligonga goti mara mbili, na kwa sauti ya kuvuta, kama muadhini, akasema, "Ma-yi." Habiba alimpa maji, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Lakini njia haikufunguka moja kwa moja. Neno la leo kesho lilipotea. Januari, siku moja ya mvua, Rabia alirudi kutoka shule amelowa, kichwa kinamuuma. Djuma alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, akaanza kuonyesha kitu kwa kidole. "Tena. Tena!"

"Nini?"

"Tena!"

"Kiti? Blanketi? Sema! Jana ulisema! Jana ulisema muzuri, leo inakushinda nini?" Na mkono wake ukapanda.

Hakumpiga. Lakini Djuma aliuona mkono, akainua wake wa kushoto akafunika kichwa, kiwiko mbele, uso umegeuzwa pembeni. Rabia aliganda. Alikuwa ameona kiwiko kile kile, kimeinuliwa vile vile, saa nne ya asubuhi hiyo hiyo. Kilikuwa cha mtoto anayeitwa Mujinga, jina la kawaida la Kiluba, wa benchi ya nyuma, ambaye jana yake alisoma neno na leo limemshinda. Huyo alimpiga.

Alikaa chini kwenye sakafu na nguo zake zenye maji. Djuma alishusha mkono polepole. Habiba aliporudi kutoka sokoni aliwakuta hivyo.

Wiki iliyofuata Rabia alirudi kwa Dokta Mukuka, safari hii si kwa ajili ya mumewe.

"Batoto yangu ya nyuma," alisema, "nabo bameumia mu ubongo?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hapana. Usiseme vile, na usimwambie muzazi hata mumoja vile. Mutoto haiko mugonjwa juu anachelewa kusoma. Angalia: kusema, mutoto anajifunza mwenyewe ku nyumba, hata bila mwalimu. Kusoma hapana. Kusoma ni kitu bantu balitunga tu. Kila ubongo inapashwa kujilimia njia yake tangu mwanzo. Ingine mbio, ingine polepole, ingine inasaidiwa na sikio, ingine na mukono. Haifanane."

"Sasa nifanye nini?"

"Mi niko dokta ya bagonjwa, haiko ya shule. Weye njo unabaonaka kila siku. Andika kila mutoto anashindwa wapi. Usiandike kama anashindwa. Andika wapi."

Kwa miaka kumi na mitatu Rabia alikuwa ameandika neno moja mbele ya majina yale: mvivu. Alinunua daftari jipya. Kwa wiki mbili, wakati wengine wananakili, aliita warudiaji mmoja mmoja mezani kwake. Walikuja wakitazama fimbo, hivyo siku ya pili akaipeleka nyumbani na kuitumia kuwasha makaa.

Alichokiona kilimwelemea. Mtoto mmoja hakuwa anasikia kwa sikio la kushoto, na kwa miaka miwili alikuwa ameketi na sikio hilo upande wa ubao. Mwingine aliona herufi za karibu tu. Wawili walijua kila kitu kwa Kiswahili na hawakuelewa hata sentensi moja ya Kifaransa, kwa hiyo walikuwa wakikariri sauti tupu. Wengine walishika somo Jumatatu, likapotea Ijumaa kwa sababu hakuna aliyewauliza tena katikati.

Na Mujinga. Mtoto wa kike wa miaka kumi, binti wa mama anayeuza samaki wakavu. Alihesabu kichwani vizuri kuliko Rabia. Alisimulia hadithi ndefu bila kukosa jina. Lakini ukimwambia akate neno vipande alishindwa. Makala, yaani makaa, kwake lilikuwa makala, kitu kimoja, kama jiwe. Na b na d kwake zilikuwa herufi moja inayogeukageuka.

"Mujinga," Rabia aliuliza, "ukiangalia mu kitabu unaona nini?"

Mtoto alifikiri. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo. "Ninaona vidudu, Madame. Jana nilivijua. Leo vimebadilisha kiti."

Rabia alianza kidogo kidogo, maana hakuwa na uhakika. Kila asubuhi, vitabu vikiwa vimefungwa, aliuliza: jana tulijifunza nini? Juzi je? Kisha akanyamaza. Mwanzoni kimya kilikuwa kirefu mpaka watoto wakaogopa. Baadaye mikono ikaanza kuinuka, na mtu akikosea hakuna lililotokea, na mwingine akainua. Walikata maneno kwa kupiga makofi, kwa Kiswahili kwanza: ma-ka-la, sa-ma-ki, halafu kwa Kifaransa. Walichora herufi kwa kidole ndani ya masanduku ya mchanga, wakitamka sauti wakati kidole kinakwenda.

Djuma naye aliingia katika kazi hiyo. Mkono wa kushoto ulihitaji kuzoezwa, basi Habiba alimletea vipande vya nyaya za shaba kutoka kwa fundi wa redio wa jirani. Akiwa amezishikilia kwa magoti, Djuma alizikunja kuwa herufi, kubwa kama kiganja. Kila alipomaliza moja alijaribu kuitamka. Alitumia wiki mbili kwa alfabeti moja. Rabia akapeleka herufi zile darasani, akamwambia Mujinga afumbe macho na kuzipapasa. Kwa vidole, b na d hazikugeuka. Mtoto alishika moja mkono huu na nyingine mkono ule, akakaa hivyo hadi kengele ilipolia.

Mwisho wa mwaka, kati ya warudiaji kumi na wanne, tisa walipita. Mujinga hakupita. Alikosa kidogo, lakini alikosa, na kwa kanuni alipaswa kuondoka. Rabia alikwenda kwa mkurugenzi wa shule, mzee Kunda, Mkatoliki wa Manono, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu mwoga na mwema.

"Anaanza tu kuona njia, Direkta. Mupatie mwaka moja."

Kunda alisugua miwani yake. "Nitasahau kuandika jina yake ku liste ya benye banatoka," alisema. "Mi niko muzee, ninasahauka."

Novemba 1977 mkaguzi alikuja. Watoto walisimama, wakaimba wimbo wa chama tawala, wakaketi. Mkaguzi, amevaa abakosti ya kijivu, suti isiyo na tai ya watu wa serikali, alipita katikati ya madawati. Alikuta watoto wanne wamefumba macho wakipapasa nyaya, na wengine wakipiga makofi.

"Citoyenne, hii iko shule ao karakana?" aliuliza, maana siku hizo kila mtu aliitwa mwananchi kwa Kifaransa.

"Iko shule, Citoyen Enspekta. Hawa banajifunza kusoma kwa mukono kwanza."

"Programu inasema leo iko somo ya namba ngapi?"

"Ya arobaini na moja."

"Na weye uko ku ngapi?"

Rabia alisema ukweli. "Ya makumi tatu na mbili. Lakini ile makumi tatu na mbili banaijua."

"Nani alikufundisha hii?"

Hakutaka kumtaja daktari. "Bwana yangu iko mugonjwa," alisema. "Nilijifunza kwake." Watoto wakubwa wakatazamana. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili: arudi kwenye programu, au ahamishiwe shule ya porini. Djuma hakuweza kusafirishwa. Rabia alirudi kwenye programu. Hakuna haja ya kuficha jambo hili, yeye mwenyewe hakulificha baadaye: aliogopa, akatii. Fimbo hakuirudisha, lakini aliweka herufi za shaba kabatini, akaandika ubaoni, watoto wakanakili. Somo la arobaini na nane, arobaini na tisa, hamsini. Benchi ya nyuma ikanyamaza tena.

Mwezi wa pili Mujinga aliacha kuja. Rabia alimtafuta hadi mtaa wa Katuba, akamkuta mama yake akipanga samaki kwenye ungo.

"Madame, mi sijue," mama alisema bila ubaya. "Anasema kichwa yake ilikuwa imeanza kufunguka, sasa imefungwa tena. Anasema heri aende na miye ku Kasenga kununua samaki, juu samaki haibadilishe kiti."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Rabia alimgusa bega, akaondoka.

Kesho yake alikwenda kwa Kunda. Hakuomba kitu, alimsimulia tu jinsi mtoto alivyosema. Mzee alisikiliza akitazama picha ya Rais ukutani, kama anayehofia kwamba nayo inasikiliza. Kisha alifungua mtoto wa meza akatoa ufunguo.

"Depo ya nyuma iko bule," alisema. "Programu inamalizika saa sita na nusu. Kisha saa sita na nusu mi ninaenda kula. Sijue nani anaingia, sijue nani anatoka. Lakini usiandike kitu, Mama Rabia. Hata mustari moja."

Basi ghala la madawati yaliyovunjika likawa darasa. Saa moja kila siku, watoto kumi na mmoja, wakikalia mbao. Mujinga alirudi. Mei ya mwaka ule vita viliingia Kolwezi, shule zikafungwa siku kadhaa, wanajeshi wakajaa barabarani. Vilipotulia, watoto walirudi ghalani kabla hata hawajarudi wote darasani. Juni 1978 Mujinga alipita darasa la tatu. Alisoma ukurasa mmoja mbele ya Kunda, kidole chini ya kila neno, polepole sana, jasho likimtoka puani. Alipofika mwisho hakuna aliyepiga makofi. Kunda alivua miwani akatoka nje. Mwaka uliofuata Rabia akarudisha polepole darasani maswali ya asubuhi na masanduku ya mchanga.

Wakati ule ndipo Rabia alianza kuwakuta barabarani wale wa zamani. Walikuwepo siku zote, lakini sasa aliwaona. Mmoja aliitwa Dominique. Mwaka 1964 alikuwa benchi ya nyuma, akatolewa. Sasa alikuwa mwanaume mwenye ndevu, msaidizi wa fundi katika karakana ya reli. Walikutana kwenye foleni ya mkate, naye akamwinamia kwa heshima: "Madame."

Rabia alimwomba watoke kwenye foleni. Walisimama kando ya ukuta.

"Dominique, nilikuchapaka sana."

Alicheka kwa haya. "Ni ya zamani, Madame. Bote balitupigaka."

"Haikukuwa kosa yako. Mi njo sikujua kufundisha. Ninakuomba unisamehe."

Mtu yule aliacha kucheka. "Fimbo mi nilisahau," alisema. "Kitu sikusahau, siku moja ulisema mbele ya bote: huyu hata umufundishe mupaka kesho, iko bule. Nikaenda nayo ile neno ku kazi, ku ndoa. Bakinipatia karatasi ya kusoma, ninasema nilisahau manéti yangu ya macho ku nyumba. Mi sina manéti, Madame."

Rabia alimwambia kuhusu ghala, kwamba hata mtu mzima anaweza, kwamba kichwa hakifungwi. Alimsihi. Dominique alitikisa kichwa.

"Miye muache. Lakini mutoto yangu, Albertine, ataanza mwaka ujao. Akifika kwako, umuangalie." Kisha akarudi kwenye foleni, na watu wakampa nafasi yake.

Djuma aliishi miaka minne baada ya kuanguka. Alifika maneno kama sitini. Rabia aliyajua yote. Mengine yalikuja kwa kuimbwa, mengine yalitoka ghafla bila mtu kuyafundisha, hata matusi ya kiwandani ambayo Habiba alijifanya hakusikia. Habari ndefu za jioni hazikurudi kamwe. Alikuwa akisikiliza redio, na anapotaka kueleza jambo zaidi ya uwezo wake, alishika mkono wa mkewe na kuugonga polepole, kama anayetafuta, na mara nyingi hakupata, wakaishia hapo. Kuna kitu alichotaka kumwambia tangu siku ya kwanza hospitalini. Alijaribu mara nyingi. Rabia hakujua ni nini.

Februari 1981 damu ilikosa tena kufika kichwani. Asubuhi hiyo alikuwa amekula yai. Neno la mwisho alilomwambia mkewe lilikuwa "chumvi," na alilisema wazi. Amadi ndiye aliyemwosha na kuongoza mazishi, na mbele ya watu alisema kwamba aliwahi kumshuku ndugu yake, na Mungu amsamehe.

Rabia alikaa eda miezi minne na siku kumi. Shule ilimweka mwalimu wa muda, msichana aliyemaliza masomo mwaka uliopita. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina jingine, maana majina ya kizungu yalikatazwa, lakini jirani wote walimwita Virginie. Rabia, ndani ya nyumba yake, alihesabu watoto usiku na mchana. Alijua msichana yule ataingia na fimbo, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, kama yeye. Alijua miezi minne inatosha kufunga kila kilichofunguliwa.

Aliporudi, Juni, alifika mapema akasimama kando ya dirisha la nyuma. Virginie alikuwa mbele, vitabu vimefungwa, amenyamaza. Alingoja. Kimya kilikuwa kirefu. Mtoto mmoja akainua mkono.

Wakati wa mapumziko Virginie alimweleza, akiona haya. Siku ya kwanza alikuwa ameuliza swali, mtoto akachelewa, naye akampita kwenda kwa mwingine. Darasa zima likalalamika. "Banasema: Madame, ngoja! Iko anatafuta! Nikauliza, anatafuta nini? Banasema, njia. Sikuelewa. Nikabaambia banifundishe." Alitabasamu kidogo. "Ile ya mukono, ya muchanga, bote balinionyesha. Lakini juu ya nini inafaa, hawakujua kunielezea."

Rabia alikaa kwenye dawati la mtoto. Alikuwa bado amevaa nguo nyeupe za eda. Alichukua kipande cha karatasi, akachora kichwa cha mtu kwa upande, akatia alama juu kidogo ya sikio.

"Karibia," alimwambia Virginie. "Nitakuelezea vile nilielezewa. Na penye hatujui, nitakuambia hatujui."

Walifundisha pamoja miaka saba, mmoja la tatu, mwingine la nne. Dokta Mukuka alihamishwa Kinshasa, na habari zake zilikatika. Mujinga alifika darasa la sita, kisha akaenda Kasenga na mama yake kwenye biashara ya samaki. Hakusoma zaidi. Albertine wa Dominique hakuwa na shida yoyote ya kusoma. Alikuwa wa kwanza, akipiga kelele mno. Ghala lilivuja, likabomolewa, warudiaji wakahamia kwenye kibaraza. Mkaguzi mwingine alikuja akasema ni vizuri, akaondoka bila kuandika.

Rabia aliacha kazi mwaka 1988, macho yakiwa yamechoka, akaenda kuishi kwa Habiba. Siku ya kumuaga, mkurugenzi mpya alimwomba aseme neno mbele ya walimu. Alisimama. Walingoja hotuba. Akataja majina, moja baada ya jingine, ya watoto aliowatoa shuleni kati ya 1963 na 1976, yote aliyoweza kukumbuka. Yalikuwa arobaini na saba. Alipokwama alinyamaza, akatafuta, na hakuna mwalimu aliyethubutu kumsaidia. Kisha akaketi.